Viti Vinne vya Jikoni

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, mpima ardhi alipiga magoti jikoni kwake, penseli sikioni, akipima umbali kati ya jiko na friji kwa ile tepu ya chuma aliyozoea kupimia viwanja vya watu. Alipima mlango wa friji ukiwa umefungwa, akapima ukiwa wazi, kisha akamwomba mkewe apite katikati akiwa amebeba sufuria kubwa, ili ajue mtu mwenye sufuria anahitaji sentimita ngapi.

"Ijaze maji," alisema, "ili upite kama siku zote."

Mkewe akaijaza, akapita. Alikuwa muuguzi, na ingawa alikuwa amestaafu miezi minne nyuma, mtaa mzima bado ulimwita Sista. Miaka thelathini na miwili alisimama wodini mchana kutwa, na jioni akarudi nyumbani kusimama jikoni. Sasa magoti yalikuwa yamevimba kama maandazi. Daktari mmoja waliyefanya kazi pamoja aliyabonyeza mara moja tu, akasema, "Sista, haya hayataki dawa. Haya yanataka kiti."

Jikoni kwao hakukuwa na kiti. Wengine walikula sebuleni, na Sista alikula wima, kiuno kwenye sinki, sahani mkononi, sikio moja likiwa sebuleni kusubiri nani atahitaji nini. Mume aliposikia maneno ya daktari aliumia kwelikweli, maana alimpenda mkewe kuliko alivyojua kusema. Aliacha usingizi wake wa mchana, akachora ramani ya jiko, mita tatu kwa mbili na nusu, na kwenye pembe ya karatasi akachora mshale wa kaskazini.

"Kaskazini ya nini, mzee?" mkewe alimuuliza.

"Ramani bila kaskazini ni mchoro wa mtoto."

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mpima alitaka benchi la kujengea ukutani, lenye sanduku chini la kuwekea unga na mchele. "Kila nikitaka mchele niwainue nyote?" Sista aliuliza, na benchi likafia hapo. Kitinda, mtoto wao wa mwisho, mwanaume wa miaka ishirini na sita aliyekuwa fundi wa matairi, alitaka stuli ndefu kama za hotelini. "Nikishapanda huko, nani atanishusha?" Stuli nazo zikafa. Wifi yake Sista, dada mkubwa wa mpima, ambaye hakukosa kuja kula kila Jumapili, alisema wanunue meza ya duara. "Meza ya duara haina kichwa," alisema. "Kaka yangu asije akapata pa kujifanyia ubwana." Walicheka, wakakubaliana: meza ya duara karibu na dirisha, na viti vinne vyenye mgongo.

Seremala alikuwa mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache. Alimkalisha Sista juu ya kreti, akampima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti.

"Meza sabini na tano, kiti arobaini na tano," alisema. "Ukipandisha kimoja na kingine kifuate, la sivyo mtu atakula kwa kidevu. Mgongo je? Ulionyooka au uliolala kidogo?"

"Uliolala," Sista alijibu haraka, kabla mtu mwingine hajamjibia. "Nataka kukaa, fundi. Kukaa hasa."

Viti vililetwa Alhamisi. Jumapili, kwa mara ya kwanza, wote wanne walikula jikoni. Sista aliketi, akasikia mgongo ukiegemea na mapaja yakitulia, akavuta pumzi ndefu. Kwa kimo kile hakuwahi kuliona jiko lake. Aligundua kwamba kabati la ukutani lilikuwa halijapakwa rangi upande wa chini, na kwamba mbao zake zilikuwa nzuri kuliko rangi.

"Mama, chumvi," alisema Kitinda.

Sista alishika ukingo wa meza ili ainuke. Kabla hajainuka, kiti kiliinua mguu wa mbele wa kulia, kikafuatisha wa nyuma wa kushoto, kama anavyotembea mbuzi, kikampeleka mpaka kwenye rafu. Kilimsubiri achukue kopo la chumvi, kikageuka, kikamrudisha mezani.

"Kina mwendo mzuri," alisema wifi, akijipakulia maharage.

Mpima alikuwa akitazama pengo kati ya kiti na friji. "Sentimita sabini zimetosha," alisema. "Nilijua tu."

Tangu siku hiyo kiti kikawa kinatembea. Asubuhi kilimpeleka Sista kwenye jiko, kutoka jiko kwenda sinki, kutoka sinki kwenda kapu la viazi. Akiangusha kijiko, kiti kilikunja miguu ya mbele akakiokota. Uvimbe wa magoti ulipungua wiki ya pili, na wiki ya tatu ukaisha kabisa. Mume aliwaambia wenzake kazini kwamba sasa mke wake anapumzika, na hakuwa anadanganya, ndivyo alivyoona. Kila Jumapili asubuhi aliipaka miguu ya kiti kile mafuta kwa kitambaa laini. Kitinda naye alikata vipande vinne vya mpira wa tairi, akavigundisha chini ili mama yake asiteleze penye maji.

Zamani Kitinda alikuwa akiona haya kidogo. Akitaka maji mara ya pili alikuwa akinyamaza, au anasema, "Basi, mama, nitakunywa baadaye." Sasa haya ilimtoka. Aliomba chumvi, akaomba pilipili, akaomba maji, akaomba na taulo la kupangusia mikono, lililokuwa limetundikwa nyuma ya kisogo chake. Kiti kilizunguka meza nzima kumfikia.

Viti vingine navyo vilikuwa na habari zake. Kufikia mwisho wa mwezi, cha mpima kilikuwa kimeota mizizi. Ilianza kama nyuzi, ikanenepa kama kidole gumba, ikaingia kwenye sakafu ya saruji. Cha Kitinda vivyo hivyo. Cha wifi kilikuwa na vijizizi tu, kwa kuwa alikuja mara moja kwa wiki. Sista alifagia akipitisha ufagio kati ya mizizi, na mahali pasipofagilika alipangusa kwa kitambaa.

Jumanne moja, nyumba ikiwa tupu, alikalia kiti cha mumewe. Kilikuwa kimetulia kama mlima. Alikunywa chai, ikiwa bado ya moto, akatazama nje dirishani jirani akianua nguo. Alikaa hivyo zaidi ya saa nzima, na hakumbuki kama aliwaza lolote. Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa, na sauti ya mume ikatoka sebuleni.

"Mke wangu, miwani yangu umeiona?"

Kiti kikaguna. Mizizi ikatoka ardhini mmoja mmoja, na mabonge ya saruji, na kiti kikaanza kwenda, kikiburuta mizizi hiyo, kuitafuta miwani. Ilikuwa juu ya friji.

Jioni ile mpima, kwa kukuta kiti chake kimehama, alikalia cha mkewe. Kiti kilisimama pale pale. Ijumaa kilikuwa kimeshaota nyuzi za kwanza, na mpira wa tairi ukawa umepasuka.

Sista alikwenda kwa seremala, amekaa juu ya kile kiti kilichokuwa cha mumewe, barabara nzima. Watu walimsalimia, naye akaitikia. Seremala alimshusha, akakipindua kiti, akagonga viungo kimoja baada ya kingine na kutega sikio.

"Viungo ni vizima," alisema. "Mbao haina tabia, Sista. Inachukua ya anayeikalia. Huko nyumbani wanakuita?"

"Wananiita."

"Basi hapa hakuna ubovu wa kutengeneza." Alikirudisha kiti wima, akakifuta vumbi. "Chapati hizi nimepika mwenyewe. Kula mbili, hapa hakuna atakayekuita."

Alikula tatu.

Usiku huo, wakati wa chakula, wote wakiwa mezani, Sista aliweka kijiko chini. "Mzee," alisema, "dawa ni moja tu. Mkitaka kitu, muinuke wenyewe."

Mpima hakukasirika. Alikuwa mtu wa haki, na jambo likiletwa mbele yake alilipima. Aliinama, akatazama chini ya kiti chake kwa muda mrefu.

"Nitainukaje, mke wangu? Hebu ona mizizi hii. Inaelekea kwenye bomba la maji. Tukiing'oa tena tutabomoa jiko."

"Hata mimi, mama," alisema Kitinda, akijaribu kutikisa kiti chake kwa dhati. Hakikutikisika.

"Mizizi ni ya kiti, baba," Sista alimwambia mwanawe. "Wewe miguu unayo."

Walifikiri. Ilionekana walikuwa wanafikiri kweli. Mwishowe mpima alinyoosha mkono akaushika wa mkewe, akaupapasa kwa kidole gumba kama alivyofanya siku za uchumba.

"Lakini chako kinakubeba," alimwambia kwa upole. "Au hakikubebi vizuri? Niambie. Nitakiwekea mto."

Sista alimtazama: masikio yale makubwa, alama ya penseli pale panapokaa penseli, macho yasiyo na hila hata tone. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mume, kwa kumwona anacheka, akacheka naye. Kesho yake mto ulikuwepo, wa rangi ya bluu, aliyoipenda Sista.

Habari zilienea. Mume wa jirani, dereva wa lori, alimfikia seremala na uzi wenye mafundo, kipimo cha goti la mkewe. Akafuata mwenye duka la vitasa, akafuata mwalimu wa hesabu, akafuata muuza samaki, kila mmoja na kipimo chake mkononi, kila mmoja akitaka kiti kama cha Sista, na kila mmoja akieleza bila kuulizwa jinsi mkewe anavyochoka. Seremala aliwatengenezea. Kabla ya msimu wa mvua kulikuwa na viti vitano vinavyotembea mtaani, kikiwemo cha Sista.

Nyuma ya nyumba zao kulikuwa na uwanja mdogo wa kamba za kuanikia nguo. Alasiri moja viti vyote vitano viliwafikisha wenye viti pale kwa wakati mmoja, na kwa kuwa nguo hazikuwa zimekauka, wanawake walibaki. Walikaa duara. Mke wa dereva alieleza jinsi kiti chake kinavyoogopa kuku, wakacheka kwa sauti, Sista akavua viatu, na viti vikasimama kimya, bega kwa bega.

Ndipo kutoka dirisha mojawapo mtu akaita, "Mama!"

Viti vyote vitano vikageuka.