Ngoma ya Chini ya Sakafu

Jumamosi jioni, wakiwa njiani kurudi Ohio, Oleta na mumewe Delbert waliegesha gari kwenye duka kuukuu la bondeni, Kentucky, ambamo watu hupiga muziki wa kantri. Walinunua maharage na mkate wa mahindi, wakakaa mbele. Palikuwa na fidla, banjo na gitaa. Ngoma ilitoka chini ya sakafu.

"Mpiga ngoma wao ni moto wa kuotea mbali," alisema Delbert, mguu ukimcheza. "Mbona simwoni?"

"Wako wengi. Wako mgodini, chini ya duka hili. Huyo anayechelewa kidogo ni Arvil."

"Arvil yule mume wako wa kwanza?"

"Huyo huyo."

"Basi kazi anaijua," alisema Delbert, akapaka siagi kwenye mkate.

Miaka arobaini nyuma, moto ulipozuka mgodini, kampuni iliziba mlango kwa zege ili makaa ya mawe yasiteketee, ikatangaza kwamba hakuna aliyebaki hai. Wakati huo wanaume walikuwa wakigonga dari. Wake zao walikwenda mahakamani, na hakimu akaamua kwamba marehemu hagongi. Wanaume wakaendelea kugonga. Muziki ulipoanza huko juu waliufuata, maana kazi nyingine hawakuwa nayo.

Wachezaji walikuwa na sharti moja tu: wasikanyage sakafu kwa kishindo mara tatu. Kwa wachimbaji, hiyo ni ishara ya walio juu: tumewasikia, tunakuja. Hobart, mzee wa fidla, alimwonya kila mgeni aliyeingia. Na hakukuwa na mtu wa kwenda kuwatoa.

Oleta aliinuka kucheza. Kwa miaka yote, akija peke yake kutoka Ohio, alikuwa akicheza hapo kwa ncha za vidole, lakini safari hii mdundo wa Arvil ulikuwa umefifia. Zamani wakicheza jikoni alichelewa vivyo hivyo, naye Oleta akimcheka mpaka machozi. Sasa akainua mguu. Akakanyaga mara tatu.

Ngoma ikanyamaza.

"Dada Oleta," alisema Hobart, fidla ikiwa bado begani, "umefanya nini sasa?"

"Nimechoka na yeye kudhani simsikii."

"Haya. Sasa anadhani unakuja."

Oleta alilia bila kujificha. Kama kila mke wa mchimbaji, alijua wanavyofunzwa: ukishajibiwa, acha kugonga, keti, punguza pumzi, ngoja. Pengine Arvil alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mguu ule ni wa mkewe.

"Muziki ulikuwa mtamu," alisema Delbert garini, "ila mwishoni umepoa."

Jumamosi iliyofuata wageni walilalamika vivyo hivyo. Hobart akanunua ngoma. Kwa kuwa chini hakukuwa na aliyegonga tena, sharti likaondolewa, na tangu hapo watu hukanyaga sakafu wapendavyo.