Ngoma ya Mapipa ya Buluu

Jumamosi asubuhi, Verlene Stidham aliugonga mzinga kwa ufunguo wa mlango wa jikoni, kama wafanyavyo watu wa mabonde ya Kentaki, Marekani, kukiwa na msiba, akawapa nyuki habari.

"Wenzenu wa mizinga mingine wamekufa wote. Mmebaki nyinyi. Semeni basi, sumu mnainywa wapi?"

Nyuki wakatoka, wakatua kwenye aproni yake, wakacheza ile ngoma ya nane ambayo nyuki huelekezana njia kwayo. Ubongo wa nyuki hauzidi mbegu ya ufuta, lakini walimweleza kila kitu: upande wa jua, umbali, mteremko, hata ladha ya maji. Habari ikamwingia Verlene kiunoni, ikakaa humo. Akaosha vyombo huku anatikisika.

Jioni akaenda nayo ngomani, kwenye ukumbi wa zimamoto. Fidla ikalia. Dewey, mwita hatua, akapaza sauti, "Mzungushe mwenzio!" Verlene akamzungusha jirani yake, jirani akaambukizwa, akamwambukiza mkewe. Punde ukumbi mzima ulikuwa unachora nane sakafuni na kutikisa viuno kuelekea kilima cha nyuma ya kanisa.

"Kumbe ni mapipa ya sumu!" alisema Dewey, bila kupoteza mdundo. "Yamefukiwa chini ya zile nyasi mpya zilizopandwa na kampuni ya makaa ya mawe."

"Ya rangi gani?" mtu akauliza.

"Buluu. Mguu wangu wa kushoto ndio unasema."

"Wangu unasema yanavuja," alidakia Bibi Opal, aliyeiacha fimbo yake mlangoni. "Nipisheni, nina mengi ya kueleza!"

Mkuu wa kaunti, Burl Napier, alicheza kuwashinda wote. Verlene alikutana naye katikati.

"Mzee Burl, umepata?"

"Nimepata, dada. Mpaka goti bovu limepata."

"Basi kesho twende na majembe. Nimebakiwa na mzinga mmoja."

"Taratibu. Goti si ushahidi." Akamzungusha, vizuri sana, akamkabidhi kwa mwingine.

Ngoma ile ilipendwa. Waliifanyia mazoezi kiangazi chote, majembe yakabaki stooni. Mzinga wa mwisho ulinyamaza wakati wa mazoezi; Verlene akawafagia nyuki waliokufa, akawahi ukumbini.

Kwenye maonyesho ya kaunti walipata utepe wa mshindi wa kwanza. Burl alimbandika Verlene utepe huo kifuani, akasema hajapata kuona ngoma yenye maelezo kamili namna ile. Watu wakapiga miluzi, wakataka irudiwe. Wachezaji wakageuza nyuso kilimani, Burl mbele, na hakuna aliyekosea hatua.