Mwenye Jina Afike Mwenyewe

Jumanne asubuhi fundi alikuwa anabadilisha uzi wa chini kwenye cherehani, anatoa wa bluu anaweka mweusi, simu ikalia. Alikuwa mteja wa siku nyingi. Akauliza kama duka limefungwa, maana anwani yake kwenye mtandao haifunguki.

"Niko hapa nimekaa," fundi akasema.

"Basi labda ni simu yangu," mteja akasema, akakata.

Mpaka mchana wakawa wamepiga wengi, wote na swali hilo hilo. Kisha binti yake akarudi kutoka shule kabla ya muda, akakaa kwenye kiti cha wateja, begi mapajani.

"Leo walikuwa wanaandikisha majina ya mtihani wa mwisho," akasema. "Langu halikuitwa."

"Si ungemwambia mwalimu."

"Nilinyoosha mkono. Akaniuliza naitwa nani. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu."

Fundi, mama yake, hakuona ajabu, kwa sababu huyu mtoto kusema mbele za watu ni kama kung'olewa jino. Akajaribu yeye mwenyewe kumwita kwa jina. Mdomo ukafunguka, ukafungika, kama wa samaki. Akajaribu tena kwa nguvu, ikatoka kikohozi.

Bahati nzuri alikuwa na namna nyingine ya kumwita. Binti alipewa jina la bibi yake, na mtoto aliyepewa jina la mama yako unamwita mama.

"Vaa viatu, mama," akasema. "Twende tukaulize."

Jina lilikuwa moja. Lilikuwa la bibi, aliyefungua duka. Likawa la duka, likapakwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Likawa la mjukuu. Na mwisho likawa anwani ya duka kwenye mtandao. Haliwezi kuandikwa hapa, kwa sababu kwa sasa ni la watu wengine.

Ofisi ya Majina na Anwani za Mtandao ilikuwa jengo la ghorofa sita. Ghorofa ya kwanza walisimamia kilicho kushoto kwa nukta ya anwani. Ya pili walisimamia kilicho kulia. Nukta yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, ina mkurugenzi wake na dereva wake. Ya nne walisuluhisha ugomvi wa kushoto na kulia. Ya tano waliwasimamia wa ghorofa ya nne wasipendelee. Ya sita ilikuwa Kamati, watu kumi na mmoja, na kazi yake ilikuwa kukutana.

Karani wa dirishani alilipata faili haraka. Tatizo lilikuwa swali la tisa kwenye fomu ya mwaka huu: *Mwenye jina ni nani?* Ofisi ilimaanisha aliyelisajili. Lakini fundi, kama watu wote anaowajua, alielewa kwamba mwenye jina ni yule ambaye lilitoka kwake, na wanaolibeba baadaye ni wajina wake tu. Akaandika jina la mama yake.

"Si umejaza mwenyewe?" karani akauliza.

"Nimejaza ukweli."

"Basi mwenye jina afike mwenyewe."

"Alishafariki, dada yangu."

Karani akageuza karatasi, akasoma kwa kidole. "Hapa wameandika afike mwenyewe. Hawajaandika akiwa hai."

Alhamisi bibi akafika. Alikuja na viatu vyake vya kazi, udongo kidogo kwenye visigino, na mfuko wa kitambaa wenye wembe wa kufumulia nyuzi, kipande cha chaki na kopo la vifungo. Fundi na binti walimkuta tayari yuko kwenye foleni, namba arobaini na moja mkononi. Watu walimpisha kiti. Mmoja alimwambia pole kwa safari.

"Umekonda, wajina," bibi alimwambia mjukuu wake. "Na mbona huniamkii?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti hiyo unamwekea nani akiba?"

Karani aliangalia kitambulisho, kisha sura, kisha kitambulisho. "Hiki kimeisha muda."

"Hata mimi nimeisha muda, mwanangu. Tuendelee."

Hawakuendelea. Ghorofa ya kwanza walitaka barua ya ghorofa ya pili. Ya pili walisema barua hutoka baada ya nukta kuthibitishwa. Kwenye nukta mkurugenzi alikuwa semina. Bibi alipanda na kushuka siku tisa za kazi, na kwa kuwa alikuwa hachoki wala hahitaji kula, alifika mbali kuliko mtu yeyote kabla yake. Siku ya tisa akafika ghorofa ya sita, fundi na binti nyuma yake, wanahema.

Kamati walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu. Wote walivaa koti la kijivu lenye jina la mvaaji kifuani, limetariziwa kwa uzi mweupe. Fundi aliyajua makoti hayo. Aliyashona mwenyewe mwaka uliopita. Walimpata kwa ile anwani.

Mwenyekiti alieleza kwa upole. Jina lilikaa siku thelathini bila mwenyewe kufika, kwa hiyo lilirudi kapuni. Kutoka kapuni lilinunuliwa na kampuni ya mbali ambayo haishoni nguo wala haifanyi chochote. Imeweka ukurasa mmoja umeandikwa *Jina hili linauzwa*. Utaratibu wote ulifuatwa. Wadau walialikwa kutoa maoni kwenye waraka wa kurasa mia nne na kumi na mbili.

"Waraka huo uliwekwa wapi?" fundi akauliza.

"Kwenye mtandao."

"Kwa anwani gani?"

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu alitazama maji yake.

"Mwanangu ana mtihani," fundi akasema. "Orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Hawezi kuandikwa bila jina."

"Nakuelewa kabisa, mama. Lakini tukianza kumwonea huruma mmoja mmoja, mfumo utasimamia nini? Jina si mali ya mtu. Jina ni rasilimali ya wote, sisi tunaligawa tu."

Bibi akasogea. "Majina yote?"

"Yote, bibi."

"Hata lako?"

Wajumbe wakacheka kidogo. "Hata langu," mwenyekiti akasema.

"Na ya hawa wenzako?"

"Ya wote."

"Naomba iandikwe."

Katibu akaandika kwenye kumbukumbu za mkutano, kipengele cha saba. Mwenyekiti akatia sahihi, maana alikuwa mtu wa utaratibu. Halafu wakaenda kunywa chai, wakaacha makoti kwenye viti kwa sababu ya joto.

Bibi alivaa miwani. Alipitisha kidole kwenye koti la kwanza, akaona mshono wa nyumbani kwake, ule wa kurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele.

"Umeshona vizuri," alimwambia fundi. "Mshono wetu haufumuki. Labda tuufumue wenyewe."

Akatoa wembe. Alianza na la mwenyekiti, herufi ya mwisho kwenda ya kwanza. Uzi ulitoka mzima, haukukatika, akauzungusha kidoleni akautia kwenye kopo la vifungo. Alifumua kumi na moja kabla chai haijaisha. Binti alimshikia makoti yasikunjamane.

Jioni ile mwenyekiti alibisha hodi kwake. Mke wake akafungua, akamwangalia kwa adabu.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

Alimruhusu kulala sebuleni, kwa sababu alionekana mtu mwenye heshima zake. Asubuhi mlinzi wa Ofisi hakumkuta kwenye orodha. Simu yake haikulia tena, maana hakuna aliyejua anampigia nani. Alimwendea mama yake mzazi, mzee kabisa, anayemjua kwa harufu. Mama alimkumbatia akalia, akasema, "Ni wewe, ni wewe," lakini kila alipotaka kusema ni nani, ulimi ulirudi mikono mitupu. Wenzake kumi walikuwa hivyo hivyo. Mmoja alikuwa anafunga ndoa Jumamosi hiyo. Bibi harusi aliulizwa anamkubali nani, akasubiri, padri akasubiri, watu wakaenda kula.

Kumi na mmoja wakashuka dirishani kuomba majina mapya. Swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa *Jina la mwombaji*. Waliacha wazi.

"Haijakamilika," karani akasema, akawarudishia.

"Unatujua sisi!"

"Nawajua sana. Ila hapa hapajaandikwa."

Walitaka rufaa. Rufaa huamuliwa na Kamati, na Kamati haikuwa na hata mtu mmoja wa kutia sahihi. Ghorofa ya tano ikaunda Kamati ya Muda ya Majina ya Kamati, ikawapa mwaliko wa kutoa maoni ndani ya siku thelathini. Waraka ulikuwa kurasa mia tisa.

Ijumaa ikapita. Orodha ya mtihani ikafungwa bila binti. Juu ya mlango wa duka pakabaki mabaka mekundu yasiyosomeka. Na bibi alipotaka kurudi alikotoka, jina lilikuwa limeshafutika kwenye jiwe lake, na mawe matupu makaburini yalikuwa mengi. Alizunguka makaburi mpaka jua likazama, lakini bila jina hakuna mtu wala kitu kilichoweza kumwonyesha lake ni lipi. Akarudi dukani, akakaa kwenye cherehani ya pili.

"Nipe vifungo hivyo," akasema. "Siwezi kukaa bure."

Ukurasa wa kampuni ya mbali uko pale pale mpaka leo. *Jina hili linauzwa.*

Mwenyekiti alifika dukani Jumanne moja, koti limemlegea. Aliuona mlango kwa sababu alifuata mlio wa kopo la vifungo. Lilikuwa rafuni, na nyuzi zilikuwa zinakwaruza bati kwa ndani, kama zinavyofanya mwenye jina akiwa karibu. Fundi alikuwa anapima kiuno cha mteja. Bibi hakuinua kichwa. Binti ndiye aliyekuwa amekaa mezani.

"Nimekuja kuchukua jina langu," mwenyekiti akasema. "Nakuomba, mwanangu. Mama yangu anaumwa. Anataka kuniita."

Binti alimtazama usoni. Alisema kwa sauti ambayo hata mteja wa kiuno aliisikia.

"Mwenye jina afike mwenyewe."

"Ni mimi!"

"Wewe nani?"

Mwenyekiti akafungua mdomo, ukafunguka, ukafungika. Binti alimsubiri kwa adabu mpaka alipomaliza. Kisha akachana kipande cha karatasi, akaandika namba arobaini na moja, akamwonyesha benchi.

Alikaa. Huwa anakuja kila Jumanne. Siku hizi anakuja na wenzake.