Gurudumu Alilolichonga Damien

Melchior alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao, akipaka grisi kwenye mhimili wa gurudumu, Hénock alipomjia mbio kutoka getini. Hénock alikuwa mlinzi, Mkongomani wa Uvira, mtu asiyekuwa na haraka.

"Kaka, shemeji yako Falonne yuko nje. Wamenikataza kumfungulia."

Falonne alikuwa mjane wa Damien. Melchior, Mrundi, na Damien, Mkongomani, walikuwa maseremala waliopanga nyumba moja kule La Rochelle, mtaa wa wahamiaji jijini, milango yao ikitazamana. Kontrakta wa kampuni moja aliwachukua pamoja kuja kufufua kinu hiki cha maji, kusini mwa jiji. Mkulima mmoja alikijenga zamani, kikasaga mahindi ya kuwalisha wachimba dhahabu; umeme ulipofika, kikatelekezwa. Walikuta mfereji umejaa matope na matete, na gurudumu limeoza. Damien alifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Kwao Kivu mapadri walikuwa na kinu kama hicho, na bibi yake alikuwa akimbeba mgongoni kwenda kusaga. Kila kibao cha gurudumu jipya alikiranda mwenyewe.

Siku ya kulishusha shimoni, mnyororo ulikatika. Mafundi walishasema umechakaa, wakaambiwa wafanye kazi. Damien alikuwa chini. Baadaye kampuni ikasema hakuwa mtu wake, alikuwa kibarua wa kontrakta. Kontrakta naye akazima simu. Gurudumu lenyewe halikupata hata ufa.

Leo kinu kilikuwa kinazinduliwa. Mahema meupe yalisimamishwa kwenye nyasi, na wageni walikuwa wanakula keki. Melchior alijifuta mikono, akamfuata msimamizi wa mradi.

"Yule mama aliye nje ni mke wa Damien. Anataka tu kupaona alipofia mumewe."

"Eish, Melchior. Leo? Watu wamekuja kufurahi. Aje Jumatatu."

"Jumatatu yuko kazini. Atasimama nyuma kabisa, hatasema neno."

"Namwonea huruma, kweli. Lakini akianza kulia mbele ya wageni, nitafanyaje? Nenda kwenye lango la maji. Nikiinua mkono, fungua. Ile kazi ya kutunza kinu nilikuahidi, sivyo? Usiiharibu."

Kazi hiyo Capitoline, mke wa Melchior, alishaitolea shukrani kanisani.

Melchior akaenda, akashika mpini wa chuma. Hotuba zikaanza. Walitajwa mkulima na wanawe, wakatajwa wafadhili. Hata farasi wa mkulima alitajwa kwa jina, na watu wakacheka. Waliochimba mfereji hawakutajwa. Damien hakutajwa.

Msimamizi akainua mkono.

Melchior akauachia mpini. Alishuka ukingoni, akapita katikati ya viti, watu wakimtazama, mpaka getini.

"Ukitoka sasa hawatakurudisha," Hénock alinong'ona.

"Najua. Wewe kaa kazini."

Hénock akamfungulia, macho yake chini.

Falonne alikuwa amesimama kando ya barabara na kitenge chake cha msiba. "Shemeji, mbona umeacha kazi?"

"Twende nyuma kule. Panaonekana."

Wakauzunguka uzio. Walipofika, mtu mwingine alikuwa ameshafungua maji. Gurudumu likasita, likalia, kisha likaanza kuzunguka. Makofi yakasikika kutoka kwenye mahema. Falonne akashika waya wa uzio kwa mikono miwili.

"Ni pale chini?"

"Pale. Upande wa kushoto."

Alipatazama kwa muda mrefu. Hakulia.

"Aliniambia litazunguka kimya," alisema. "Sasa mbona linapiga kelele hivyo?"

"Mbao bado kavu, shemeji. Zikishakunywa maji, litanyamaza."

"Basi tungoje."

Alikunja kitenge chake, akaketi kwenye nyasi nje ya uzio. Melchior akaketi kando yake.