Aliyeshika Usukani

Sikumbuki. Hilo lilikuwa jibu langu la tatu kwa afisa usalama wa kazini, aliyesimama kando ya kitanda changu hospitalini, na kila nilipolitoa alinitazama utadhani nimemwibia kuku.

"Kigari cha mizigo kimepinduka kwenye mteremko wa mchanga," alisema. "Mlikuwa wawili. Nani alikuwa anaendesha?"

Nilikumbuka mifuko sita ya saruji nyuma yetu, nikakumbuka kicheko, kisha mbingu ikawa chini. Kicheko cha nani, Mungu ndiye ajuaye.

Kwenye kitanda cha pili alilala shemeji, mdogo wake mke wangu, niliyemwingiza kazini mwenyewe. Walikuwa wamemkata mguu wa kulia juu ya goti.

"Mimi," akasema. "Niliendesha mimi."

"Na mikanda?"

Pale kazini mkanda tunaufunga kwanza, halafu tunaukalia, ili kigari kiache kutupigia kelele. Ujanja huo nilimfundisha mimi, nyapara wake, na nilijiona nina akili kweli kweli.

"Basi, aliyeendesha hana kazi tena." Afisa akaandika. Simu yake ikaita, akaenda kuipokelea mlangoni.

Nikashusha pumzi. Aibu yangu, nilifurahi! Hapo kifua kikanichoma. Nikafungua shati: alama nyeusi ya mviringo, imenienea kifua kizima. Niliitazama nisielewe. Usukani? Mbona shemeji amesema yeye? Au niligonga kitu kingine? Kila nilichoshika kichwani kiliniponyoka.

"Shemeji, hii nini?"

"Funga shati." Alinong'ona kwa hasira. "Mimi mguu umeshakwenda, kwenye jukwaa la ujenzi sipandi tena. Wewe kazi bado unayo. Ukifukuzwa, dada atakula nini?"

"Kwa hiyo ni mimi?"

Akajivutia shuka mpaka kidevuni.

"Ni mimi niliyekuwa nacheka?"

"Shemeji, lala."

"Niambie moja tu. Ulinikataza kushuka ule mteremko?"

"Mara mbili," akasema, akageukia ukutani.

Nilijaribu kuisikia sauti yake ikinikataza. Sikuipata. Mpaka leo sijaipata. Nikamwita afisa, akaja na karatasi yake, uso umekunjamana.

"Futa hapo," nikamwambia. "Andika mimi. Na uandike nilikatazwa mara mbili."