Miti Aliyoitia Alama Nanyama

Nanyama alihesabu visiki kumi na tisa, akaketi kupumzika juu ya kile cha ishirini. Kilikuwa bado kibichi. Tangu jana alikuwa hajatia kitu tumboni ila chai ya rangi, na leso yake ilikuwa imelowa umande.

Miaka miwili nyuma, mwaka wa 1973, Bwana Gichuru, afisa wa misitu, alifika kwenye baraza ya chifu huko Kangemi. Msitu ng'ambo ya mto umehifadhiwa, alisema, lakini serikali haina macho ya kutosha. Wananchi wawe macho yake. Watu waliangalia chini. Wengi walikuwa wamechapwa na askari wake kwa sababu ya mzigo wa kuni. Aliyeinua mkono ni Nanyama, mjane aliyekuja na mumewe kutoka Bungoma, mume akaja kuangukiwa na ukuta wa mjengo Westlands. Aliahidiwa kwamba akihesabu wanyama na miti, ataokota kuni kavu bila kusumbuliwa.

Kila Jumanne aliingia msituni. Hakujua kuandika, kwa hiyo alikariri, na Gichuru akaandika ofisini kwake: mbega wangapi, viota vingapi vya ndege hondohondo. Jike mmoja wa mbega, mgomvi, alimpa jina la wifi yake. Kisha akapewa kopo la rangi nyeupe apake miti mikubwa ya muhugu, ili isiguswe.

Sasa kila muhugu wenye alama ulikuwa umelala, au umeshachukuliwa na lori.

Alimaliza kuhesabu, akatembea hadi mjini, ofisini kwa Gichuru. Safari hii hakuambiwa aketi.

"Hiyo miti ilikuwa mzee, mama," Gichuru alisema. "Mheshimiwa mbunge ameinunua kwa utaratibu."

"Lakini ni ile niliweka alama."

"Ndiyo. Ulifanya kazi mzuri. Wapasuaji mbao hawakupoteza wakati."

Nanyama alimwambia ataipeleka habari hiyo barazani. Jumanne iliyofuata askari walimkamata msituni.

Mahakamani alieleza kwamba miti sitini na miwili imekatwa.

"Umejuaje idadi?" hakimu aliuliza.

"Nilihesabu."

"Ukiwa wapi?"

"Ndani ya msitu."

"Barua ya ruhusa iko wapi?"

Ruhusa ilikuwa ya mdomo. Gichuru, alipoulizwa kama anamfahamu, alijibu kwamba huenda amewahi kumwona barazani. Kwa kuingia hifadhini, Nanyama alifungwa miezi mitatu. Binti yake Milcah, wa darasa la sita, alibaki kwa jirani, Peres, ambaye naye alikuwa na watoto wanane katika chumba kimoja.

Mwezi wa pili, wafungwa walipelekwa kuchimba mashimo pale pale ng'ambo ya mto. Ilikuwa siku ya kupanda miti. Mheshimiwa alishika mche wa mkalitusi, akapigwa picha, kisha akawasifu wananchi wanaolinda urithi wao. Wafungwa waliamriwa wasimame nyuma ya turubai, wasionekane pichani.

Wanafunzi wa Kangemi waliletwa kuimba. Kupitia mpasuko wa turubai Nanyama alitazama uso baada ya uso, safu ya darasa la sita, kisha ya la tano, kisha akarudia ya la sita. Milcah hakuwemo. Alimwuliza askari jela kama wamekuja wote.

"Wale bado wanasoma wamekuja wote," askari jela alisema, akawaambia wafungwa wapige makofi.