Anayesimama Anakwenda

Ng'ombe akilala kwa njaa hawezi kuinuka mwenyewe. Sharti ainuliwe: wengine washike mkia, wengine pembe, mmoja atie bega chini ya kifua, halafu wote mvute kwa pamoja huku mkimtukana na kumbembeleza. Akisimama, mnamwegemea kidogo mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Mwaka ule wa ukame, hapa kwetu Olbalbal, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi. Tulikwenda boma hadi boma kuinuliana ng'ombe, kama watu wa Karatu wanavyosukumiana magari yaliyokwama kwenye tope.

Wangu aliyekuwa akilala ni Narok, yule mweusi niliyepewa na baba siku ya kuolewa.

Mume wangu Sitonik alikuwa hospitalini Karatu. Alianguka na bodaboda akitoka mnadani, akavunjika paja, na simu yake ikasagika. Na kwetu, kuhamisha ng'ombe ni neno la mwanamume. Mwanamke anakama, anajenga nyumba, anamjua kila ndama kwa mama yake. Lakini "tunahama" halitoki kinywani mwake. Kwa hiyo nilisubiri neno la Sitonik, na neno halikuja.

Mvua ilikuwa imenyesha uwandani na majani yameota. Tatizo, nyumbu nao walikuwa wamezaa hukohuko, na kila mfugaji anajua: ng'ombe akila walipozalia nyumbu, anaweza kuondoka na ugonjwa usio na dawa. Juu, upande wa Nainokanoka, kulikuwa na nyasi, lakini pia kupe waletao homa ya ndigana, na mlima ambao ng'ombe dhaifu hufia njiani. Kubaki Olbalbal ilikuwa kulisha vumbi.

"Shemeji, tushuke," Lekishon, mdogo wa mume wangu, aliniambia. "Mimi wangu nawashusha. Wa kaka siwezi kuwagusa bila neno la nyumba yake."

"Ngoja nifikirie," nikasema.

Nilisoma hadi darasa la saba, na mwalimu alinisifu kwamba napima mambo kabla ya kujibu. Laiti angenifundisha na kuacha kupima. Kila nilipolala nilishuka uwandani kwa mawazo, nikaona ng'ombe wakipofuka na kuanguka, nikarudi. Nikapanda mlimani, nikaona wakiporomoka korongoni, nikarudi. Boma letu lilikuwa na mlango mmoja. Kichwa changu hakikuwa na hata huo.

Mchana nilikwea kilima chenye mtandao, nikapiga simu kwa kila mwenye masikio. Mchungaji wa kanisa alisema tuombe. Binamu yangu wa Enguserosambu alisema nishuke. Mkewe akamnyang'anya simu akasema nipande. Nilirudi nyumbani na majibu mengi kuliko maziwa. Kusema kweli, nilikuwa naogopa. Ng'ombe wakifa kwa kungoja, ni ukame umewaua. Wakifa kwa neno langu, nimewaua mimi. Hilo ndilo lililonifunga, si mila peke yake.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyoumia hayakuwa yangu.

Asubuhi moja tulimwinua Narok, akasimama, akayumba, akaangukia upande wa pili. Tukazunguka, tukamwinua tena. Akaanguka. Jirani yangu Nanyokie, mwanamke mwenye utani hata msibani, aliachia mkia, akajifuta mikono kwenye shuka. Safari hii hakucheka.

"Mama Neema," alisema, "huyu tunamwinua kila siku. Na wewe atakuinua nani?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikawatazama wale ng'ombe wengine, wamesimama kwenye zizi wakinielekea, mbavu nje, bado wanasubiri mtu awafungulie. Bado walikuwa na miguu. Lakini kila siku niliyokaa nikipima, niliwapunguzia nguvu ya miguu hiyo kidogo kidogo.

"Tunapanda," nikasema. "Leo hii. Anayesimama anakwenda."

"Na huyu?"

Narok alikuwa amelaza shingo mchangani, jicho moja juu. Nilimpapasa palipo na baka jeupe chini ya sikio, mahali alipopenda tangu akiwa mtamba. Nililia mbele za watu, sikujali.

"Anabaki. Mwiteni Lekishon amchinje kabla hajashuka. Nyama mgawane."

Sikungoja kuona. Niliburuta mwenyewe tawi la miiba lililofunga zizi, likanichana mkono mpaka kiwiko, na ng'ombe wakatoka.

Njiani tuliwapoteza wengine, na kupe wakachukua wengine baadaye. Wa Lekishon walioshuka uwandani, kuna waliokufa na kuna waliorudi wamenona. Watu bado huniuliza ipi ilikuwa njia sahihi. Sijui. Sitajua kamwe, na siku hizi jambo hilo halininyimi usingizi.

Lakini nikumbukapo mwaka ule, nakumbuka zaidi jioni ya kufika. Ukungu ulikuwa umetufunika, ng'ombe wanakula bila kuinua vichwa, na mimi nimekaa juu ya jiwe lenye unyevu bila nguvu hata ya kuvua kandambili. Simu ikaita, namba nisiyoijua. Ni Sitonik, ameazima kwa mgonjwa mwenzake.

"Mama Neema, nimewaza sana hapa kitandani," alisema haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatika. "Washushe uwandani. Umenisikia? Washushe."

Neno nililolisubiri kwa muda wote ule, hilo hapo, limefika.

"Baba Neema," nikasema, "tumeshapanda."

Nilisikia mtu akikohoa wodini, na magurudumu ya kitanda yakipita.

"Nani alisema?"

"Mimi."

"Narok yupo?"

"Hayupo."

Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, kisha akaiachia.

"Haya," alisema. "Zizi ulifunge vizuri. Huko juu kuna fisi."

Nikainuka, nikaenda kukata miiba.